Wanawake wa Chama Chetu Ndani ya Kasri ya Lord Egerton

Chama chetu cha hapa Naivasha ni cha wanawake watupu na kila mwisho wa mwaka tukishagawana pesa huwa tunatoa kidogo ya kutembea. Safari hii wengine walitaka Mombasa, wengine wakasema Mombasa ni gharama na nani ataachiwa watoto, mabishano yakaenda hivo kwa wiki mbili kwa WhatsApp mpaka shosho mmoja, yule mkubwa wetu wote, akasema yeye angetaka kuona ndani ya ile nyumba ya Lord Egerton, mzungu tajiri wa zamani, kule Njoro. Alizaliwa na kukulia huko kwa mashamba ya wazungu. "Mimi nilikuwa naona paa tu, tena kwa mbali," ndo maneno yake. Basi hapo mjadala ukaisha, nani tena atapinga.

Tukakodi Nissan ya watu kumi na wanne, tukabeba chupa za chai, mandazi, mayai na viazi vya kuchemsha, asubuhi na mapema tukashika njia. Gilgil, alafu Ziwa Elmentaita kushoto, na huko chini ni Soysambu, lile shamba kubwa la kina Delamere, ukoo wa wazungu walowezi, mpaka leo. Njiani tulikuwa tunaongea mambo ya wazungu wa zamani manake hii barabara yote ukiangalia vizuri ni historia yao na historia ya waliotolewa wakaja kuishi wao. Mwaka 1904 Wamaasai waliwekwa kwa mkataba wa kuwatoa hapa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia wengine kusini, alafu 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwatoa na hiyo Laikipia yenyewe. Ardhi ikabaki "wazi", ikagawiwa wazungu, na huyo Delamere wa kwanza kuja ndo alianzia hapo Njoro kabla ya Soysambu, akijaribu ng'ombe na kondoo na ngano, ngano ikipigwa na ugonjwa wa kutu. Kituo cha kutafiti mbegu za ngano kilifunguliwa Njoro 1927 na mpaka sa hii kipo, wanasayansi wa nchi nyingi bado wanaleta mbegu zao hapo kupimwa kama zinavumilia kutu. Nimeweka hii mapema kwa sababu wengi wanaenda kuona kasri kama kitu kilichodondoka tu kutoka juu, na sivyo. Ilikuja baada ya hayo yote.

Ukifika Nakuru unashika barabara ya Eldoret, unachepuka ya Njoro, alafu pande za Ngata unaacha lami unaingia ndani kidogo. Kama huna gari kuna matatu za Njoro kutoka mjini na boda za kukumalizia. Bebeni sweta, Njoro asubuhi ni baridi hata kama Naivasha mmeacha jua, na vaeni viatu vya chini manake ni kutembea na ngazi.

Sa nyumba yenyewe. Unaingia geti, miti mikubwa pande zote, alafu inatokea yote kwa pamoja, mawe ya kijivu, madirisha mengi marefu, paa kubwa, na mbele yake majani yamekatwa vizuri. Ina vyumba 52. Mmoja wetu akasema ni kubwa kuliko shule yetu ya msingi tuliyosoma na ni kweli kabisa. Ujenzi ulianza 1938, vita vya pili vya dunia vikaja vikavuruga kazi, na mwenyewe akahamia 1954. Miaka kumi na sita ya kuchonga mawe. Tuliambiwa mawe yalitoka machimbo ya hapo hapo Njoro na vitu vingine kama vigae, marumaru na mbao za mwaloni vikaletwa kwa meli kutoka Ulaya, alafu fikiria kutoka Mombasa mpaka hapo.

Kijana aliyetutembeza alikuwa mpole na anaijua kazi yake, na kama waongozaji wote wa pale alianza na ile hadithi. Kama hujaisikia ni hivi. Wanasema Lord Maurice Egerton alimpenda mwanamke wa ukoo mkubwa huko ulaya, akamleta Njoro kwa nyumba yake ya kwanza, mama akaitazama akasema hawezi kuishi kwa kibanda cha kuku. Lord akaamua kujenga kasri. Ikaisha, akamwita tena, mama akakataa tena, akaolewa na mtu mwingine. Kutoka siku hiyo Lord akachukia wanawake wote wa dunia, akabandika matangazo kwa miti kwamba mwanamke yeyote akikanyaga ardhi yake atapigwa risasi, na wafanyakazi wake walikuwa lazima waache bibi zao mbali kabisa na shamba. Wengine huongeza kwamba hata kuku na mbwa hakutaka. Unaambiwa chumba hiki kilikuwa chake na hiki kilitengwa cha bibi ambaye hakuja, na kila mtu hapo anashika moyo anapiga picha.

Mimi hiyo hadithi niliikulia nikaipenda. Lakini siku hiyo nikiwa nimesimama kwa ule mlango wa "chumba cha bibi" nikaanza kuhesabu kichwani. Lord alizaliwa 1874. Kasri ilipoanza alikuwa na miaka 64, na alipohamia alikuwa anagonga 80. Sisemi mzee hawezi kupenda, anaweza sana, na sisemi hakukuwa na mwanamke. Nasema tu kwamba hadithi tunayopewa ni ya kijana aliyevunjwa moyo, na mtu aliyejenga hii nyumba alikuwa mzee tajiri, wa nne na wa mwisho katika cheo cha ukoo wake, hana mke hana mtoto, ana ardhi kubwa, na ana wafanyakazi ambao majina yao hayapo popote kwa hizo kuta. Hadithi ya mapenzi ni tamu na inaleta wageni, naelewa, lakini imekaa mbele ya kila kitu kingine na ndo maana nimeamua kuandika.

Ndani vyumba vingi viko wazi, vitu vya mwenyewe vimebaki kidogo tu, kwa hivo usiende ukitegemea nyumba iliyojaa fanicha. Unachoona ni kazi ya mikono. Mbao za ukutani zilivyounganishwa hata ukipitisha kidole husikii mahali zinakutana. Meko za moto kwa kila chumba kikubwa, kila moja na nakshi zake. Ukumbi wa kucheza dansi ni wa kushangaza, sakafu ya mbao, dari juu sana, na kinanda kikubwa cha mabomba, kama vile unaona kwa makanisa makubwa ya zamani, lakini hiki ni cha mtu mmoja nyumbani kwake. Tulinyamaza wote hapo. Ukumbi wa dansi wa mtu asiyetaka wanawake nyumbani, nani alikuwa anacheza? Mwongozaji akasema wageni wake wa kiume walikuwa wanakuja. Kuna pia chumba cha giza cha kusafishia picha, manake Lord alipenda sana kamera, na alipenda mashine kwa jumla, alikuwa kati ya waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya kuendesha ndege mwaka 1910, akajuana na wale ndugu wawili Wright walioruka kwanza kule Marekani. Gari lake la Benz la mwaka 1900 lilikuwa na namba M1, ya kwanza kusajiliwa jimbo lao la Cheshire.

Haya, shosho. Muda wote huu alikuwa anatembea pole pole nyuma na mjukuu wake ambaye alikuja kumshika mkono, haongei. Tulipofika dirisha moja la juu linaloangalia mashamba akasimama. Akaomba kiti. Mwongozaji akakimbia akaleta, Mungu ambariki. Alafu shosho akaanza kutuonyesha kwa kidole, huku kulikuwa na pareto, yale maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, kule ngano, ng'ombe za maziwa upande ule, na akatuambia mambo ambayo mimi nimemjua miaka yote na sikuwahi kuyasikia.

Hawakuwa kwa shamba la Lord mwenyewe, walikuwa kwa mzungu mwingine hapo hapo Njoro. Baba yake alikuwa skwota, yaani unapewa kipande cha kulima na kufuga kidogo na wewe unalipa kwa kufanya kazi siku nyingi za mwaka, na kipande kile kingine, cha kitambulisho, unakivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mama yake alikuwa anachuma pareto na kikapu kiunoni, watoto wanamsaidia, jioni unapanga laini unapimiwa kwa mizani, na mnyapara akisema kilo zako ni hizi basi ni hizo. Mwisho wa wiki mnapewa posho. Alisema maua ya pareto ukichuma siku nzima vidole vinawasha na macho yanatoa machozi na mama yake alikuwa anawaosha na maji ya baridi kabla ya kulala. Alafu akasema, na hii alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanawake ndio walikuwa wanachuma. Wanaume hawakuwa na hiyo kazi."

Sijui kama mnaelewa vile hiyo ilitupata. Hapo tulipokuwa tumesimama ni kwa nyumba inayosifika kwa kukataza wanawake, na ukiangalia nje ya dirisha, pareto ya hizi wilaya, ile iliyofanya Kenya ijulikane dunia nzima kwa dawa ya wadudu, iliokotwa ua kwa ua na wanawake na watoto wao. Kwa hivo wanawake walikuwepo. Walikuwa kila mahali isipokuwa kwenye hadithi.

Akaendelea. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, familia za Wakikuyu zikaanza kutolewa Rift Valley kwa maelfu. Yeye alikuwa mtoto. Anakumbuka lori, anakumbuka mama yake amebeba sufuria moja na blanketi, anakumbuka walipelekwa Kiambu mahali ambapo hata baba yake hakuwa na shamba wala mtu anayemjua vizuri, na mbuzi wakaachwa. Sa weka hiyo pembeni ya tarehe za kasri. Hiyo miaka ndo watu walikuwa hapa wakimalizia hii nyumba. Lord akahamia 1954, mwaka ule ule wa Operesheni Anvil Nairobi ambapo watu walikamatwa barabarani kwa maelfu wakapelekwa kambini. Niliangalia kwa zile bango za ndani kama kuna mahali inasema hivo. Sikuona. Kuna Lord, kuna mapenzi, kuna mawe.

Lord aliishi ndani miaka isiyofika minne. Alifariki Januari 1958 na amezikwa Nakuru, hakurudishwa Uingereza, na cheo cha ukoo kikafa naye.

Na hapa lazima niseme upande wa pili pia kwa sababu sitaki mtu aseme nimeenda kumchimba marehemu. Mwaka 1939 huyu Egerton alitoa ardhi, ekari 740, ikafunguliwa shule ya kilimo. Ni kweli ilikuwa ya kufundisha vijana wa kizungu tu, ili walime hii hii ardhi. Lakini shule ikakua, 1950 ikawa chuo cha diploma, baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, 1986 ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi na 1987 ikawa Egerton University yenyewe. Kwa gari letu peke yake wawili wamesoma hapo, mmoja wao alisomea mifugo na sa hii ndo anatusaidia na kuku za chama. Maafisa wa kilimo wangapi wa hii nchi wamepita Njoro? Chuo ndo kinatunza kasri mpaka leo na imetangazwa kumbukumbu ya taifa, isiuzwe isibomolewe. Mimi naona hiyo shule ndo urithi mkubwa wa huyu mzee, mkubwa kuliko nyumba, na inashangaza kwamba mwongozaji alitumia dakika nyingi kwa kibanda cha kuku na sentensi moja tu kwa chuo.

Jambo lingine. Binamu yangu anaishi Manchester, nilipomtumia picha tukiwa bado hapo kwa majani akanijibu kwamba nyumba ya kwao kina Egerton, Tatton Park, haiko mbali na yeye na alishaenda na watoto kwa sababu ya bustani na swala wa pale. Akanitumia picha zake. Ile nayo ni jumba la makumbusho, mzee aliiachia National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale huko Uingereza, alipokufa 1958, lakini yao imejaa, maktaba ya vitabu maelfu, fanicha, vyombo, kila kitu mahali pake. Na kuna ukumbi mmoja mkubwa ambao Maurice mwenyewe alijenga, kuta zote mpaka juu ni vichwa vya wanyama aliowinda, wengi wakiwa wa Afrika. Nyati, swala wa kila aina, pembe kwa pembe. Nikawaonyesha kina mama kwa simu. Kwa hivo wanyama wako Cheshire na vyumba vitupu viko Njoro. Ukitaka kumwelewa huyu mtu vizuri ni lazima uziweke hizo nyumba mbili pamoja, moja ndo pesa zilitoka na nyingine ndo pesa zilikuja kutafuta jua.

Mchana tulikula nje. Kulikuwa na harusi, na wikendi huwa zinakuwa nyingi kwa hivo ukitaka utulivu nenda katikati ya wiki. Bibi harusi alikuwa anapigwa picha kwa ngazi za mbele na wasimamizi wake wa kike, nguo za zambarau, wanaimba, na mama zao nyuma wanapiga vigelegele vya kuvunja kioo. Sisi nasi tukajiunga, si unajua wamama, hatukuwa tumealikwa lakini kigelegele hakihitaji kadi. Shosho alicheza kidogo akiwa ameshika mkono wa mjukuu. Bibi harusi alikuja akamsalimia akaomba picha naye na hiyo picha tunayo kwa grupu.

Kabla tutoke nikamuuliza yule kijana, majina ya waliojenga yako wapi? Akasema mafundi wengi walikuwa Wahindi na vibarua walikuwa waafrika wa hapa, majina hana. Nikamuuliza kama kuna daftari, lazima kulikuwa na daftari la mishahara, wazungu waliandika kila kitu. Akasema atauliza wakubwa wake, na nadhani alimaanisha. Shosho akaingilia akamwambia, "Kijana wangu, usingoje daftari. Uliza wazee wa Njoro na Rongai na Elburgon. Bado tuko wengine." Akamuandikisha namba yake ya simu hapo hapo.

Nami nawaomba mnaosoma hivi. Kasri iko na vyumba 52 na vingi havina kitu. Chumba kimoja tu kikitolewa, kikawekwa kikapu cha pareto, mizani, kile kikopo cha kipande cha shingoni, nyundo na patasi za fundi wa mawe, na sauti za wazee wakisimulia kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin, Kiogiek na hata Kigujarati, hiyo nyumba itakuwa na nguvu mara kumi na wageni wa mapenzi bado watakuja. Kama babu yako alichonga mawe Njoro kati ya 1938 na 1954, au cucu yako alichuma pareto pande zile, au familia yenu ya mafundi wa Nakuru ina picha ya zamani ya watu wamesimama kwa jukwaa la ujenzi, muulize wiki hii majina, ya baba zao, ya mnyapara, ya shamba, rekodi kwa simu hata kama sauti ni mbaya, alafu niandikie hapo chini. Nimeshaanza na shosho wetu, tuna saa mbili na hajamaliza hata mambo ya 1953, Jumapili baada ya kanisa ninaenda kwake tena.